Kukompaili FlightGear kwenye Ubuntu, Windows na Mac: kila mashine inakataa kwa namna yake

Mwalimu_Karakana ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapa Morogoro, na muhula huu nimeamua kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili namna ya kusoma na kurekebisha msimbo wa C++ ulioandikwa na watu wengine, badala ya kuendelea na vile viprogramu vya kujumlisha namba ambavyo mwanafunzi akishapata alama zake havifungui tena. Nimechagua FlightGear kwa sababu ni simuleta ya ndege iliyo huria kweli, msimbo wake wote uko wazi chini ya leseni ya GPL, na kwa sababu tangu nilipowaonyesha Cessna 172 ikikimbia kwenye njia ya kurukia ya Dar es Salaam, hakuna aliyesinzia tena darasani.

Kuisakinisha ikiwa tayari imekompailiwa hakukunisumbua. Tabu imeanza tulipotaka kuikompaili wenyewe, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. Karakana ina kompyuta mpakato sita kuukuu zenye Ubuntu 22.04 na RAM ya gigabaiti 4 kila moja, kompyuta mbili za mezani za Windows zenye Visual Studio 2022, na Mac moja ya M1 ambayo ni mali ya mwanafunzi mwenyewe.

Kwenye Ubuntu, maktaba ya SimGear ilikompailika wiki mbili zilizopita bila neno. Jana nikapakua msimbo wa FlightGear kutoka tawi la next, cmake, inayoandaa ujenzi, ikapita bila kulalamika, nikaandika make -j8 nikaenda kunywa chai. Niliporudi mashine ilikuwa imeganda, kipanya hakisogei, na baada ya dakika kadhaa likatokea neno moja tu, Killed, likifuatiwa na taarifa kwamba cc1plus, yaani kompaila ya C++, imesitishwa. Nilipojaribu tena kwa make ya kawaida ilisogea mbele, kisha ikasimama kwa kosa jingine, ikidai kwamba kuna kitu ambacho faili la FlightGear linakiita kutoka SimGear na hakipo. Nimelifungua lile faili la .hxx kwa macho yangu na ni kweli, hakimo.

Kwenye Windows nimepata kosa la LNK2038, lenye maneno _ITERATOR_DEBUG_LEVEL, likijirudia ukurasa mzima. Kwenye Mac, kiunganishi (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) kinasema alama fulani hazikupatikana kwa ajili ya arm64, ingawa maktaba zenyewe tumezisakinisha na tunaziona zilipo.

Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, je, haya ni makosa ya FlightGear au ni ya kwangu? Pili, mwenzangu mmoja hapa chuoni ananishauri nifute Windows, nimwombe yule kijana aiweke Mac yake pembeni, na kazi yote ifanyike Ubuntu. Je, nimsikilize?

Mzee_wa_Make amejibu:

Mwalimu, hongera kwa uthubutu. Una matatizo mawili. Moja ni la RAM. Yale mengine matatu, hata kama kila mashine imeyatamka kwa lugha yake, ni tatizo moja lililovaa kanzu tatu: umeunganisha vipande ambavyo havikutengenezwa ili vikae pamoja.

Nianze na la RAM kwa sababu ni jepesi. Ulipoandika -j8 uliiagiza make iendeshe kompaila nane kwa wakati mmoja. Faili moja la FlightGear lenye violezo vingi vya C++ linaweza kula mamia ya megabaiti, na mengine hufika gigabaiti nzima au kupita. Zidisha mara nane kwenye mashine ya gigabaiti 4, ambayo tayari inabeba kivinjari na mazingira ya mezani, utaona mwenyewe kwamba hesabu haitoshi. Linux ikiishiwa kumbukumbu huchagua programu inayokula zaidi na kuiua, na hiyo ndiyo maana ya lile neno Killed. Ukiandika sudo dmesg utaikuta habari yake imeandikwa. Tumia -j2, funga kivinjari, na ongeza faili la swap, yaani kumbukumbu ya akiba, la gigabaiti 4 kwenye diski. Itachukua saa kadhaa, lakini itafika. Sakinisha pia ccache, inayotunza matokeo ya kompaila, mapema, kwa sababu wanafunzi wako watakompaili msimbo uleule mara kumi kwa siku na hakuna sababu ya kulipa gharama ileile kila mara.

Sasa tuje kwenye lile kubwa. Inafaa wanafunzi waelewe kwamba FlightGear haikai katika hifadhi moja. Kuna SimGear, ambayo ni maktaba ya vitu vya msingi: hesabu za jiografia, kusoma faili za XML, sauti, anga, mandhari, na mfasiri wa Nasal, lugha ndogo ya hati za FlightGear. Kuna FlightGear yenyewe, inayotumia SimGear kuunda programu inayoitwa fgfs. Kisha kuna fgdata, ambayo haikompailiwi kabisa: humo mna ndege, picha, sauti, menyu, viwanja vya ndege na hati za Nasal, na ndiyo yenye uzito wa gigabaiti kadhaa. Chini ya vyote hivyo kuna OpenSceneGraph inayochora, OpenAL inayotoa sauti, Boost, na PLIB ambayo ni mabaki ya zama za kale. Mradi huu ulianza kama pendekezo la David Murr mwaka 1996, na mwaka uliofuata Curtis Olson akatoa msimbo wa kwanza, kwa hiyo msishangae mkikuta tabaka juu ya tabaka kama kuta za mji mkongwe. Wakati ule uchoraji wote ulifanywa kwa PLIB. Kuhamia OpenSceneGraph kulikamilika katika toleo la 1.9 mwishoni mwa mwaka 2008, na bado hata toleo la 2020.3 linaihitaji PLIB kwa ajili ya usukani na baadhi ya visanduku vya menyu.

Sasa tazama ulichofanya. SimGear yako ni ya wiki mbili zilizopita na FlightGear yako ni ya jana, zote kutoka tawi la next, yaani tawi ambalo wasanidi hulifanyia kazi kila siku. Msanidi mmoja ameongeza kazi mpya ndani ya SimGear, na siku hiyohiyo akaandika mstari ndani ya FlightGear unaoiita. Wewe umechukua nusu ya pili bila ya kwanza. Utaniuliza mbona cmake haikukuzuia. Ukweli ni kwamba inakagua: faili la CMakeLists la FlightGear linaitafuta SimGear yenye namba ileile ya toleo, na ikikuta nyingine inakataa palepale. Lakini katika tawi la next namba hiyo inaweza kukaa miezi mingi bila kubadilika huku msimbo ukibadilika kila siku. Kwa cmake, SimGear yako na ile ya jana ni toleo moja. Ukaguzi umepita, na ugomvi umesubiri hadi kompaila ifike kwenye mstari husika. Binafsi naona hili ndilo shimo wanaloangukia wageni wengi kuliko yote, na makosa yake hayaelekei kabisa kuwa ya matoleo, ndiyo maana mtu hushinda siku nzima akihariri faili la .hxx lisilo na kosa lolote.

Kwa darasa, usitumie next. Chukua tawi la release/2020.3 katika hifadhi zote tatu, na hakikisha zote tatu ziko kwenye tawi hilo kabla hujagusa cmake:

git checkout release/2020.3

Kwa fgdata, tumia git clone yenye --depth 1 na --branch release/2020.3 ili usivute historia nzima ya mradi, la sivyo kifurushi cha intaneti cha chuo kitakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Pakua mara moja, kisha sambaza kwa diski ya nje.

Kuhusu maktaba nyingine, kwenye Ubuntu washa vyanzo vya deb-src halafu andika sudo apt build-dep flightgear, na mfumo utakuletea OpenSceneGraph, Boost, OpenAL na PLIB kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo futa kabisa folda za zamani za kukompailia, usizirekebishe, na uanze upya nje ya folda ya msimbo:

mkdir ~/fg/jenga-simgear && cd ~/fg/jenga-simgear
cmake ../simgear -DCMAKE_BUILD_TYPE=RelWithDebInfo -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/fg/dist -DCMAKE_PREFIX_PATH=$HOME/fg/dist
make -j2 install

Rudia vilevile kwa FlightGear katika folda ya jenga-flightgear. Mashine zenu zikizidiwa, ongeza -DENABLE_QT=OFF ili kuizima Qt, maktaba ya madirisha; mtakosa dirisha la kuzindulia, nanyi mtaanzisha kwa amri:

~/fg/dist/bin/fgfs --fg-root=$HOME/fg/fgdata --aircraft=c172p --airport=HTDA --runway=05

Ukiona programu inaanza kisha inasimama ikisema data si ya toleo inalolitarajia, usitafute mbali: fgdata yako iko kwenye tawi jingine. Ni ugomvi uleule kwa mara ya tatu.

Windows na Mac nawaachia wenyewe, kwani miaka mingi sijazigusa.

Dirisha_Wazi amejibu:

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Mimi nakompaili FlightGear kwenye Windows, na hilo kosa la LNK2038 nalifahamu vizuri. Mkuu hapo juu amesema kweli, ni vipande visivyolingana, ila kwa Windows kisichoingiliana si toleo, ni namna ya kukompaili.

Visual Studio hukompaili kwa mitindo miwili mikuu, Debug na Release, na ukubwa wa vitu vya kawaida vya C++ kama std::vector na std::string hutofautiana kati ya mitindo hiyo, kwa sababu katika Debug kila kimoja hubeba taarifa za ziada za ukaguzi. Ukiichukua SimGear iliyokompailiwa kwa Debug na kuiunganisha na FlightGear ya Release, kila upande una picha yake ya std::string ni kubwa kiasi gani katika kumbukumbu. Kiunganishi cha Microsoft kinakataa mapema, na hapo kimekutendea wema, kwa kuwa kingekubali programu ingeanza na kuanguka mahali ambapo hakuna mtu angepakisia. Nabashiri ulibonyeza kitufe cha kujenga SimGear bila kubadilisha kile kisanduku cha juu, ambacho Visual Studio hukiweka kwenye Debug chenyewe. Maktaba za watu wengine ambazo mradi huwapa watumiaji wa Windows zikiwa tayari zimekompailiwa zinaendana na Release na RelWithDebInfo, kwa hiyo chagua RelWithDebInfo, yaani Release yenye taarifa za kutafutia makosa, kila mahali na hakikisha pia ni x64 kila mahali:

cmake ..\simgear -G "Visual Studio 17 2022" -A x64 -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=C:/fg/dist -DCMAKE_PREFIX_PATH=C:/fg/dist
cmake --build . --config RelWithDebInfo --target INSTALL

Zingatia kwamba kwa Visual Studio mtindo hutajwa wakati wa kujenga, kwa --config. Ukiweka CMAKE_BUILD_TYPE kama ulivyofanya Ubuntu, hautasomwa, na huenda usionywe.

Weka kila kitu ndani ya C:\fg. Usiweke kwenye folda ya mtumiaji, hasa kama jina lake lina nafasi katikati. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima kwa sababu ya akaunti iliyoitwa kwa maneno mawili: hati moja ilikata njia ya faili kwenye ile nafasi na kwenda kutafuta folda ambayo haijawahi kuwepo duniani.

Programu ikishakompailika haitaanza mara moja. Windows hutafuta faili za DLL, yaani maktaba zinazopakiwa programu inapoanza, kwenye folda ya fgfs.exe na kwenye PATH, na kwa kawaida haitazifuata zilikosakinishwa, kwa hiyo nakili DLL zote za OpenSceneGraph, OpenAL na Qt mahali palipo fgfs.exe. Watu wengi wanakumbuka hizo na kusahau folda ya osgPlugins. Ndani yake mna visomaji vya aina za faili, kimoja kwa PNG, kingine kwa maumbo ya .ac, na kadhalika. Ikikosekana, programu inaanza, anga unaliona, vipimo vinasonga, ila ndege haina mwili wala rangi. Kwa Qt, tumia windeployqt ili ikuletee na ile platforms\qwindows.dll, la sivyo dirisha la kuzindulia halitafunguka kamwe.

Na tafadhali usifute Windows. Wengi wa watakaoitumia kazi ya wanafunzi wako wana Windows nyumbani na kwenye saiba.

Mwalimu_Karakana amejibu:

Wakuu, nashukuru sana. Nimeripoti kwa mpangilio wa mashine.

Ubuntu imekubali. Nimefuta folda za zamani, nimeweka hifadhi zote tatu kwenye release/2020.3, nikatumia -j2 pamoja na swap, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi niliikuta fgfs imekaa ndani ya dist/bin. Windows nayo imekubali baada ya RelWithDebInfo. Lile la osgPlugins limetokea kama ulivyolisema, Dirisha_Wazi: wanafunzi walishangilia waliposikia injini, kisha wakauliza ndege yenyewe iko wapi.

Yamezuka mapya mawili. Tulitaka safari ya kwanza iwe kutoka Dar es Salaam, HTDA, hadi Zanzibar, HTZA (hizo ni alama za viwanja hivyo). Kwenye mashine zisizo na intaneti, ndege inaanza ikiwa juu ya bahari tupu, hakuna njia ya kurukia wala mji. La pili linaniumiza kichwa zaidi. Mwanafunzi mmoja ametengeneza kwa Blender umbo dogo la mnara wa kuongozea ndege na kulipaka picha, akalijaribu kwenye Windows, likaonekana vizuri kabisa. Tulipolihamishia Ubuntu mnara umesimama ukiwa mweupe, bila picha, ingawa faili la picha lipo kwenye folda ileile. Tumenakili mara tatu.

Mzee_wa_Make amejibu:

Mwalimu, la bahari ni la mandhari. FlightGear hukata dunia katika vigae na hushusha vigae vya mahali ulipo kupitia TerraSync kadiri unavyoruka, na pasipo kigae huweka bahari. Kila folda hubeba jina la kona yake ya kusini-magharibi: kwanza folda ya nyuzi kumi kwa kumi, kisha ndani yake ya nyuzi moja kwa moja. Uwanja wa Dar es Salaam uko takriban nyuzi 39.2 mashariki na 6.9 kusini, kwa hiyo mandhari yake yamo ndani ya Terrain/e030s10/e039s07. Na hapa mna bahati, kwa sababu Zanzibar iko nyuzi 39.2 mashariki na 6.2 kusini, nayo imo ndani ya folda hiyohiyo. Ruka mara moja kwenye mashine yenye intaneti, nenda na urudi, halafu nakili folda nzima ya TerraSync kwenye diski ya nje na uipeleke kwenye mashine nyingine, uitaje kwa --fg-scenery. Safari yenyewe ni kama maili 40 za baharini, dakika ishirini na kitu kwa Cessna, kwa hiyo kipindi kimoja kinatosha na muda unabaki.

Ukiorodhesha folda zaidi ya moja katika --fg-scenery, zitenganishe kwa nukta mbili kwenye Ubuntu na Mac, na kwa nukta mkato kwenye Windows, kwa kuwa huko nukta mbili imeshachukuliwa na herufi ya diski. SimGear ina darasa linaloitwa SGPath linaloshughulikia tofauti hizi zote, na ningeanza somo la msimbo hapo, kwani kila mstari wake unaonyesha kidonda kilichowahi kumuuma mtu. Yeyote atakayeandika msimbo mpya atumie SGPath, asiunganishe njia za faili kwa mkono.

Kuhusu mnara, sijaliona faili lako lakini niko tayari kuweka dau. Lifungue lile faili la .ac kwa kihariri cha kawaida, tafuta mstari unaoanza na neno texture, kisha linganisha herufi kwa herufi na jina la faili lililo kwenye folda.

Mwalimu_Karakana amejibu:

Mkuu, umeshinda dau kabla ya kuliweka mezani. Ndani ya .ac pameandikwa "Mnara.png" na faili linaitwa "mnara.PNG". Kamera ya simu ndiyo iliyolipa jina hilo la herufi kubwa mwishoni, na sisi wote wanne tuliokaa mbele ya skrini tulisoma jina moja.

Tufaha_la_Pwani amejibu:

Mwalimu, poleni. Mimi niko Mombasa, na kwa kuwa natumia Mac nimeona nichangie upande huo, kisha niongeze kidogo kuhusu herufi.

Kosa lenu la arm64 ni lile alilolieleza mkuu wa kwanza, vipande visivyofanana, ila safari hii ni aina ya kichakataji. Mac za M1 zinaendesha programu za arm64, na kupitia Rosetta zinaendesha pia zile za Intel, jambo linalofanya mtu asitambue ni ipi anayoitumia. Homebrew, programu ya kusakinishia maktaba, ikiwa ya arm64 hukaa /opt/homebrew na ya Intel hukaa /usr/local. Kama yule kijana alihamisha vitu vyake kutoka Mac ya zamani, inaelekea anazo zote mbili, na cmake imeokota OpenSceneGraph kutoka ile ya Intel. Mwambieni aandike uname -m kwenye terminali yake. Ikijibu x86_64, terminali yenyewe inapita ndani ya Rosetta, na hapo ndipo pa kuanzia. Kisha aitazame maktaba moja moja kwa amri ya file, itamwambia ni ya aina gani. Ajenge upya akiwa na -DCMAKE_OSX_ARCHITECTURES=arm64 na -DCMAKE_PREFIX_PATH inayotaja /opt/homebrew pamoja na folda ya dist.

Kwa kuona fgfs inategemea maktaba zipi, otool -L hufanya kazi ambayo ldd huifanya Ubuntu. Akitaka kumpa rafiki yake programu hiyo, itambidi anakili maktaba ndani yake na kuzibadilishia njia kwa install_name_tool, na hapa pana mtego: kubadilisha njia kunaharibu sahihi ya faili, na mashine za M1 hazikubali kuendesha msimbo wa arm64 usio na sahihi halali. Programu inauawa papo hapo bila maelezo yanayoeleweka. Atie sahihi upya baada ya mabadiliko ya mwisho, si kabla:

codesign --force --deep -s - FlightGear.app

Msitarajie Mac ionyeshe kila kitu ambacho Windows inaonyesha. Apple ilitangaza kuiacha OpenGL tangu macOS 10.14 ya mwaka 2018, na hata kabla ya hapo ilikuwa imeishia 4.1. Zaidi ya hayo, anayetaka amri za zamani za OpenGL hupewa 2.1 tu, na sehemu kubwa ya shaders (viprogramu vya kadi ya picha) za 2020.3 zimeandikwa kwa mtindo huo wa zamani. Kwa hiyo zimeni athari nzito za maji na misitu, na msiyahesabu kuwa ni makosa ya msimbo wenu.

Sasa kuhusu ile PNG. Diski ya Windows na diski ya Mac, zikiachwa kama zilivyotoka dukani, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Ubuntu inatofautisha. Kosa hilo limekuwepo tangu siku ya kwanza kwenye Windows, ila Windows ililifunika. Hii ndiyo sababu yangu ya kutokubaliana na yule mwenzako anayetaka mashine za aina moja. Mngekuwa na Ubuntu pekee, msingewahi kugundua kwamba mwanafunzi ametumia M_PI, yaani namba ya pai, ambayo kompaila ya Microsoft haiitambui mpaka uifafanulie, wakati SimGear inayo SGD_PI inayokubalika kote. Wala msingegundua kwamba ameweka namba kubwa kwenye long, ambayo kwenye Ubuntu na Mac za biti 64 ina biti 64 na kwenye Windows ina 32 tu.

Mzee_wa_Make amejibu:

Kwa hilo nasimama na Tufaha_la_Pwani, ingawa napunguza kidogo. Mwalimu, kompyuta zako sita za Ubuntu ziwe za kazi ya kila siku, na zile nyingine tatu ziwe za mtihani: kila Ijumaa, msimbo wa wiki upelekwe kwenye Windows na Mac ukakompailiwe hukohuko. Ukitaka kila mwanafunzi akompaili kwenye kila mfumo kila siku, muhula utaishia kwenye cmake na hakuna atakayeandika mstari wa C++.

Jambo moja umelitaja kwa kupita nami sitaki lipotee. Kama mtawapa shule nyingine hiyo fgfs mliyoirekebisha, hata kwa flashi bila malipo, GPL inawataka mwape pia msimbo wake au njia ya kuupata, pamoja na marekebisho yenu. Wekeni hifadhi zote mbili za msimbo, SimGear na FlightGear, kwenye flashi ileile. Bila historia ya Git ni ndogo ukilinganisha na fgdata.

Mwalimu_Karakana amejibu:

Wakuu, mrejesho. Mac imekubali: uname -m ilijibu x86_64, kijana aliwahi kuweka alama ya Rosetta kwenye terminali mwaka jana akasahau. Jana saa nane mchana mwanafunzi mmoja aliruka kutoka HTDA kwenye njia ya 05 akiwa kwenye Ubuntu, akatua Zanzibar njia ya 36 baada ya dakika 27, kwa sababu alizunguka mara mbili akiutafuta uwanja. Mnara una rangi. Flashi tutaziandaa kama alivyoagiza Mzee_wa_Make.

Limebaki dogo. Kwenye mashine mbili kati ya sita za Ubuntu, njia ya kurukia ya Dar inametameta kana kwamba picha mbili zinagombania mahali pamoja, na zile nne ziko sawa. Msimbo ni uleule, folda ya TerraSync ni ileile, ila nimeona sasa hivi kwamba hizo mbili zina kadi ya picha ya aina tofauti. Nitafungua mada nyingine nikishapata toleo la draiva zake.